Nusu Nauli ya Fidelia

Kijiji cha Ramadhani,
Posta Njombe.
Jumapili, 23 Oktoba 1955

Mpendwa kaka Nikodemo,

Kamwene kaka. Salamu nyingi zikufikie huko Korogwe kwenye mkonge, wewe na wifi Kristina na watoto wote. Je, hamjambo? Ule mguu wako unaovimba wakati wa masika unaendeleaje? Na yule mdogo aliyekuwa akishikwa na homa kila mwezi, amepona sasa? Mimi ni mzima wa mwili. Fidelia naye ni mzima, ila siku hizi hali chakula vizuri.

Huku tumekwisha kuchoma majani mashambani na tunangoja mvua za kwanza. Kule bondeni kwenye bustani za vinyungu mahindi mabichi yamekuwa mazuri, tunakula mpaka meno yanauma. Yule mbuzi mweupe uliyeninunulia amezaa mapacha, wote majike.

Kanisa letu limeezekwa bati upande mmoja. Upande wa pili bado ni nyasi, na ajabu ni kwamba wazee wote wa usharika wamehamia kukaa upande wa bati. Sisi wanawake tumeachiwa nyasi na panya wake. Nimeandika hili ucheke kidogo, maana yanayofuata hayachekeshi.

Kaka, nimeumia, na aliyeniumiza ni wewe. Wanataka kumwoza Fidelia kwa mtu mzima wa Makambako, na barua yako ndiyo waliyoishika mkononi. Nitakueleza toka mwanzo, kwa sababu sijui shemeji Sila alikuandikia nini, na nataka nawe ujue ulitia mkono wako katika jambo gani.

Mwezi wa nane shemeji Sila alikuja nyumbani. Unajua tangu marehemu mume wangu Mika azikwe, huyo mdogo wake hajawahi kutuletea hata chumvi. Siku hiyo alikuja anacheka. Akasema shangazi yao wa Makambako ni mgonjwa, twende tukamwone, na Fidelia aje pia kwa sababu bibi anamtaja mno. Nauli angelipa yeye. Mimi nikafurahi, nikadhani moyo wake umelainika.

Pale Njombe karani wa basi aliuliza umri wa mtoto. Nikamjibu ana miaka kumi na mitatu. Akasema walio chini ya miaka kumi na minne hulipa nusu, akaandika tikiti, tukapanda. Hakuna aliyebishana na mtu.

Tulipofika Makambako tulimkuta shangazi mgonjwa yuko uani anatwanga. Jioni alikula kunishinda. Kesho yake akaja mgeni mmoja, jina lake Kefa, mwenye duka na lori la kubebea mbao. Mkewe alifariki, na mwanawe wa kwanza amekwisha kuoa. Alimtazama Fidelia akitenga maji ya kunawa, kisha akampa kitambaa cha gauni chenye maua. Nami mjinga nikapiga magoti nikasema asante.

Siku ya kurudi tulikuta karani mwingine, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sila alipoomba tikiti mbili na nusu, karani alitoa kichwa dirishani. Akasema, “Nusu ni chini ya kumi na mbili. Huyu ni mrefu kuliko mimi!” Nikamwambia kwamba Njombe tumeambiwa kumi na nne. Akajibu kwamba Njombe ni Njombe na hapa ni Makambako, na karatasi ya kampuni anayo yeye. Basi lilikuwa limekwisha kuwashwa na watu nyuma yetu wanatusukuma.

Sila akanivuta pembeni. Akaniambia, “Shemeji, sema kumi na moja. Fedha yangu haitoshi. Mnataka kulala hapa na baridi hii?”

Nikasema kumi na moja. Sikufichi kaka, nilisema kwa kinywa changu hiki kinachoimba kwaya. Karani hakuniamini. Akaandika nyuma ya tikiti, “Mtoto, miaka 11,” akanitaka nitie jina langu. Nikaliandika kwa ule mwandiko mzuri aliotufundisha mwalimu wetu mimi na wewe, maana unajua ninavyojisifia mwandiko wangu. Fidelia alikuwa kando yangu akitazama miguu yake. Tuliposhuka Njombe, Sila alikusanya tikiti zote akazitia ndani ya Agano Jipya lake. Nilidhani ni mtu wa utaratibu tu.

Baada ya wiki tatu watu wa Kefa wakaja na jembe la posa. Sila akawapokea nyumbani kwangu kana kwamba ni kwake, akawaambia binti ametimiza miaka kumi na sita na hana neno. Nikakataa mbele yao. Fidelia amefaulu darasa la nne, na usharika wetu umepewa nafasi mbili tu katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Moja ni yake. Anatakiwa aripoti mwezi wa kwanza na sanduku lake. Sila akasema baba mdogo ni baba, na shule haijawahi kumzalia mtu mjukuu.

Ndipo nikaenda kwa Mchungaji. Katika usharika huu Mchungaji hatangazi ndoa ya msichana asiyetimiza miaka kumi na sita, hilo walikubaliana na wazee zamani. Kwa hiyo shauri lote likawa moja tu, Fidelia ana miaka mingapi. Kitabu cha ubatizo kikafunguliwa. Lakini kumbuka, alipozaliwa wamisionari Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukuliwa kwa ajili ya vita, na mchungaji mmoja alihudumia nchi nzima hii kwa miguu. Fidelia alibatizwa 1947 pamoja na watoto thelathini, wengine wakiwa na meno ya kutosha kutafuna muwa. Kimeandikwa kuwa ni binti wa Mika na tarehe ya ubatizo, basi. Mama yetu aliyempokea mikononi yuko kaburini. Jirani wawili niliowaleta, mmoja alisema alizaliwa kabla ya ile njaa kubwa, mwingine akasema wakati wa njaa, wakaanza kugombana wao kwa wao.

Wazee wanne walikaa Jumapili baada ya ibada. Mimi nikasimama nikasema mtoto wangu ana miaka kumi na mitatu. Sila akasimama polepole, akafungua Agano Jipya lake, akatoa ile tikiti.

“Wazee,” akasema, “mwandiko huu ni wa nani? Mwezi wa nane kumi na moja. Leo kumi na tatu. Krismasi atatuambia tisa. Njia ya mwongo ni fupi.”

Watu walicheka kaka. Nikasema ni yeye aliyenituma kusema hivyo, ili asilipe nauli nzima. Akatazama juu kwenye bati kana kwamba nimesema Kizungu. Mzee mmoja akaniuliza kama mwandiko ni wangu au si wangu. Nikajibu ni wangu. Akasema keti chini mama.

Hata hapo sikukata tamaa. Nilikuwa na neno moja limebaki. Nikasema, andikeni barua kwa kaka yangu Nikodemo aliye Korogwe, yeye anajua. Mtu huyo hawezi kudanganya kuhusu mtoto huyu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, kanisa likasikia.

Sila akacheka. Akatia mkono mfukoni akatoa barua, akasema hakuna haja ya kuandika, kwa sababu shemeji Nikodemo amekwisha kujibu.

Mchungaji aliisoma yote, toka salamu hadi mwisho. “Mpwa wangu Fidelia ametimiza miaka kumi na sita, nami mjomba wake sina kizuizi.” Na pale chini, “Ng'ombe wangu wa ujomba katika mahari mtunzeni, nitamchukua nikija likizo.” Hilo nalo alilisoma, na akalirudia, maana hakuwa amelielewa mara ya kwanza. Nikaomba niione karatasi. Nilitaka iwe ya kughushi. Nikaona ile M yako yenye mkia mrefu, nikairudisha.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisema neno hilo kwa watu wengine tu. Kwa Sila sikushangaa, Sila ni Sila. Lakini wewe nilikuweka kando, kama mtu anavyoweka mbegu za mwakani hata akiwa na njaa. Kila nilipolala na shida nilijiambia yuko kaka.

Nisingekasirika kama ungekuwa umesahau. Mwanaume akikaa mbali miaka mingi anaweza kusahau watoto wa dada yake. Lakini wewe huwezi kusahau mwaka wa Fidelia, kaka, kwa sababu ndio mwaka ulipokwenda jeshini. Alikuwa na wiki tatu. Ulimbeba ukazunguka naye nyumba nzima, ukasema mtoto huyu nitampa jina mimi, na nikifa huko vitani litabaki. Jina la Fidelia ni lako, Mika alitaka jingine. Kesho yake ukashika njia ya Makambako na wenzako kwenda kupanda lori. Cheti chako cha jeshi kimo ndani ya sanduku lako la bati huko Korogwe, na kimeandikwa 1942. Hesabu mwenyewe. Nyapara kama wewe, anayehesabu matita ya mkonge kutwa hashindwi kuhesabu hilo.

Ngoja nikuambie na hili, ingawa linanitia aibu. Jumatatu ile nilikwenda mjini kwa miguu nikiwa na nusu ya pili ya nauli. Niliona nikilipa, angalau dhambi yangu itapungua. Yule karani wa Njombe alinisikiliza mpaka mwisho, akaita na mwenzake aje asikie. Akasema, “Mama, hudaiwi kitu. Ni chini ya kumi na nne njia nzima, tangu mwaka jana. Yule wa Makambako anasoma karatasi ya zamani.” Akanirudishia fedha zangu. Basi nilidanganya bure kaka. Nimeuza neno langu kwa nusu nauli ambayo ilikuwa haki yangu. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia, wapita njia wakadhani nimefiwa.

Kwa uongo wangu nimekwisha kuungama, na Mchungaji amenipa adhabu, siimbi kwaya mpaka Pasaka. Ninaikubali. Uongo wako wewe nani atauadhibu sijui, lakini mimi siwezi kuufuta. Wazee waliniambia mwenye neno moja hawezi kushinda wenye maneno mawili, hasa akiwa ametiwa alama ya uongo.

Mchungaji ametupa muda. Kama hatapata neno jingine kutoka kwako, ndoa itatangazwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba. Barua hii ikifika salama una wiki mbili hivi za kujibu. Lete cheti chako, au mwombe karani wa hapo estate akinakili na kutia mhuri, kisha uandike kwamba ulikosea. Andika ulikosea tu, sitakulazimisha uandike ulidanganya. Kama ni ng'ombe, nina mbuzi watano na wale mapacha. Wachukue wote. Kama ni kumwonea Sila haya, kumbuka aliyenyonya ziwa moja nawe si Sila.

Na kama utakaa kimya, basi usije likizo kwangu. Ninasema kwa uchungu lakini ninasema. Nitakupa maji ukiwa na kiu kwa sababu ya mama yetu, ila nyumbani hutalala.

Nisalimie wifi Kristina sana. Mwambie ile kanga aliyoniletea bado naivaa. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na Wabena wenzetu wote hapo kambini. Huku jirani wote wanakusalimu, hawajui ninayoyaandika.

Kila mara nikikuandikia, Fidelia huandika salamu zake mwenyewe chini, nawe ulisema unapenda kuona mwandiko wake ukikua. Leo nimempa kalamu kama kawaida. Ameandika kidogo kisha akasimama. Akaniuliza, “Mama, kwa mjomba niandike mingapi?” Alikuwa nami dirishani Makambako, akawa nami kanisani, amesikia yote. Nimemwambia aache nafasi.

Mungu akulinde na mashine na nyoka wa mkonge, akupe usingizi mwema, na kabla ya usingizi akupe kukumbuka.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda hata leo,
Ema

Shikamoo mjomba. Mimi Fidelia, mpwa wako, ni mzima. Nina miaka ..............