Herufi Tatu Zilizochelewa Kufika

Nyumba ya Karakana,
Ludlow, Shropshire.
9 Mei

Mpendwa Shangazi Ursula,

Basi jibu ni ndiyo, jiwe bado liko ukutani, pale pale juu ya meko. Uliniuliza, simu ikakatika kabla sijafungua mdomo, na nilipopiga tena ikawa inatumika. Nikasema afadhali, maana jibu lenyewe ni refu na kwenye simu ungenikatiza.

Lakini kwanza, hujambo? Goti linaendeleaje? Na upepo wa Whitby umetulia, au bado unakupokonya nguo kwenye kamba? Natumaini barua hii itakukuta mzima na birika likiwa jikoni. Sisi huku ni wazima sana. Mimi nimenenepa kidogo, Alban amekonda kidogo, na sababu ya huko kukonda utaisoma hapa chini.

Siku ya harusi haijanitoka kichwani. Naiona tena na tena: ukumbi umejaa, keki bado haijakatwa, na Alban anavuta kitambaa kufunua zawadi yangu. Ni desturi ya karakana alikofunzwa kazi. Mchonga herufi akioa, humchongea mke wake alfabeti nzima kwenye sleti, jiwe bapa la kutoka Wales, peke yake, bila mkono wa mtu mwingine. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile. Halafu wewe ukavaa miwani.

“Alban, mwanangu,” ukasema, “hebu nionyeshe jina la mke wako hapo.”

Akanyoosha kidole, kidole kikabaki hewani. J haikuwepo. U haikuwepo. W nayo haikuwepo. Maskini, alikuwa amechonga herufi ishirini na tatu za Warumi wa kale, zile alizofunzwa kuzichora tangu siku ya kwanza, na karakanani hapakuwa na mtu wa kumshtua, kwa sababu wote wanaamka na kulala na hizo hizo.

“Kwa Warumi I ndiyo ilifanya kazi ya J,” akajitetea, “na V ikafanya ya U. Jina lipo, Shangazi. Linaandikwa IVDITH.”

“Mimi sikumlea huyo Ividithi,” ukamjibu. “Nilimlea Judith. Jina lako wewe limeenea lote, Alban, herufi kwa herufi. Mke umemwacha mlangoni.”

Gwilym, kaka yake, akadhani anasaidia: “Mbona hata wewe umeachwa nje, Shangazi Ursula? Sogea basi, mkae wawili.” Ukumbi mzima ukacheka. Wewe hukucheka. Ulisema hutakanyaga kwangu mpaka jina langu litoshe ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na asubuhi tulipokuja kukuaga ulikuwa umeshapanda treni.

Sikulaumu, Shangazi. Mama alipofariki ni wewe uliyenichukua, na ni wewe uliyenifundisha kuliandika jina hilo kwa kidole kwenye unga, ukingoja mkate uumuke. Najua ulichokiona kwenye lile jiwe. Lakini nyumba isiyo na wewe ndani yake haijawa nyumba bado, na ndiyo maana nakuandikia.

Alban alitaka kulivunja. Juma lile la kwanza nilimkuta amelishusha, amelilaza juu ya gunia, nyundo mkononi. Nikakaa juu ya jiwe. Nilimwambia akitaka kulivunja aanze na mimi, naye akasema mimi ni mzito kuliko nionekanavyo, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu harusi. Kuongeza herufi hakuwezekani. Sleti haina kifutio, na kila herufi pale imepewa nafasi yake ikipimwa kwa macho dhidi ya jirani zake, hivyo ukichomeka moja, mstari mzima unachechemea.

Basi nikaanza kumuuliza maswali, kwanza ili kumchangamsha tu, kisha kwa sababu nilinogewa. Shangazi, shuleni tulikaririshwa herufi kama kuku anavyodonoa, na hakuna aliyetuambia zimetoka wapi. Unajua kwamba A ilikuwa kichwa cha ng'ombe? Igeuze juu chini uone pembe. Wafanyabiashara wa Foinike waliichora hivyo, Wagiriki wakaichukua wakaigeuza, Warumi wakaipokea ikiwa imesimama kwa miguu miwili. Nimeandika A maisha yangu yote na sikujua namshika ng'ombe.

Na Waingereza wenyewe, hata walipopokea herufi za Kirumi, walibaki na chache zao za kale. Ile sauti ya ulimi kati ya meno, ambayo leo tunaiandikia T na H, ilikuwa na herufi yake, yenye mgongo mrefu na tumbo dogo, na iliitwa mwiba. Mwiba, Shangazi. Alban alinichorea kwa chaki kwenye mlango wa stoo na sijaifuta. Wachapaji wa kwanza walitumia herufi za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, na humo mwiba haukuwemo, kwa hiyo wengi waliweka Y mahali pake, kwa kuwa ilifanana nao. Ndiyo hiyo Y unayoiona kwenye vibao vya baa zinazojifanya za kale, zinapoandika “Ye” badala ya “The”.

Napenda kumtazama akieleza. Anasahau chai. Anachukua brashi bapa, anavuta mstari mmoja juu ya sleti, na ncha ya mstari inajitengenezea kikucha chenyewe kwa jinsi anavyozungusha vidole. Kisha tindo linafuata, tik, tik, tik, kidogo kidogo, mpaka mfereji unakuwa na kuta mbili zinazokutana chini, na jua la dirishani likipita, upande mmoja unang'aa na mwingine unalala kivulini. Utanicheka, lakini kuna siku nasimama mlangoni na ndoo ya makaa nikasahau nilikuwa naipeleka wapi.

Jumapili moja alinipeleka kwenye makaburi ya kanisa la kijiji jirani. Kule mawe ya zamani yamejaa I palipotakiwa J, na V palipotakiwa U. Mwezi Juni umeandikwa kwa I na V, na kina John wote wameanza na I. Nyuma ya mti wa msonobari, kwenye jiwe lililoinama, akaninyooshea kidole. IVDITH, mke wa fulani, 1641. Niliingiza kidole changu ndani ya herufi moja baada ya nyingine, Shangazi. Mchongaji yule hakumwacha mtu mlangoni. Aliandika jina la mwanamke aliyependwa kwa herufi zilizokuwepo.

Nikamwambia Alban sasa nimeelewa, na kwamba nitakuandikia kukueleza hivyo. Akatikisa kichwa.

“Usimwandikie kwamba nilikuwa sahihi,” akasema. “Shangazi yako ndiye alikuwa sahihi. Yule Judith wa pale hakuwa na J ya kupewa. Wewe unayo.”

Na hapo ndipo alipoanza kukonda. Maana J, U na W ni wageni waliochelewa. J ilitoka ubavuni mwa I, U ikatoka kwa V, na W ni V mbili zilizoshikana mikono zisitengane tena. Hata miaka mingi baada ya yule Judith kuzikwa, kamusi za Kiingereza zilikuwa bado zinayachanganya maneno ya I na ya J kwenye kundi moja. Hizi herufi nyingine Alban ameziiga kutoka kwa Warumi, mawe yao yapo na vipimo vyao vipo. Lakini kwa hizi tatu hakuna Mrumi wa kumwangalizia. Ilimbidi azichore yeye mwenyewe, toka moyoni. Mkia wa J ushuke mpaka wapi? Tumbo la U liwe zito upande gani? Alichora kwenye bahasha, kwenye karatasi ya nyama, pembezoni mwa gazeti langu. Mayai yakapoa asubuhi baada ya asubuhi. Alinionyesha J moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua jina la mtoto.

Sasa kuna kipande cha pili cha sleti, chembamba, kutoka mwamba ule ule wa Wales. J imekwisha chongwa, na nakuapia ni nzuri kuliko herufi zote za jiwe la kwanza, ingawa mimi si hakimu wa kuaminika. W nayo imekwisha. Ya katikati, U, bado ni rangi nyeupe tu. Nilimuuliza anangoja nini.

“Hiyo ni ya Shangazi,” akasema. “Tindo la kwanza alipige yeye. Akiharibu, nitajua namna ya kurekebisha. Asipokuja, itabaki rangi.”

Kwa hiyo ukuta wetu una nafasi tupu pembeni mwa lile jiwe, na msumari umeshapigwa. Kwa kuwa uliapa hutakanyaga huku, jiwe ndilo litakalokuja kwako, limefungwa kwenye blanketi letu la harusi, pamoja na mume wangu na nyundo yake ndogo. Andaa meza ya jikoni, ile yenye unga kwenye nyufa.

Nisalimie Binamu Rowena na watoto, na Mzee Cuthbert wa nyumba ya pili, umwambie bado nina deni la kumshinda drafti. Gwilym anakusalimia na anaomba radhi, kwa kweli safari hii bila kutania. Mungu akulinde, alilainishe goti lako, na akupe usingizi mwema hata bahari ikipiga kelele.

Tutafika Whitby kabla mwezi huu haujaisha, na tukirudi Ludlow nataka tuwe watatu kwenye treni.

Ni mimi nikupendaye kama uliyenizaa,
Judith wako, kwa herufi zote sita