Sentensi Niliyoifuta kwenye Tovuti Yangu

Nyumbani kwa Mama, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Kifua cha mkubwa wenu kimepona? Wifi aliniambia baridi ya huko inamkalia vibaya. Sisi hatujambo kiasi. Mama miguu inamsumbua, ila ulimi uko palepale, hilo unalijua. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukianza kubisha huwa nakubali tu ili yaishe, na safari hii sitaki kukubali. Umeniuliza mara tatu nani ameingia kwenye tovuti akaiharibu. Hakuna aliyeingia. Ni mimi.

Sidhani kama niliwahi kukusimulia siku ile yenyewe. Ulisikia ya watu. Nilikuwa zamu peke yangu, wodini wanawake wanne, mkunga mwenzangu amefiwa. Mama wa kitanda cha tatu nilipaswa kumsikiliza mapigo ya mtoto saa nne asubuhi. Nilimfikia saa tano kasorobo. Yalikuwa yameshuka vibaya. Nikatoka kwenye korido kupiga simu, aletewe gari la wagonjwa akapasuliwe hospitali kubwa. Gari lilikuwa limekwenda kwingine. Nikabaki na simu sikioni, nabembeleza. Ndugu wa mgonjwa mwingine akanirekodi: sekunde kumi na nne, mimi na simu, na nyuma yangu sauti ya mwanamke analia. Mtoto alitoka hana uhai.

Video ikasambaa na maneno juu yake, kwamba mkunga anapiga soga huku mtoto anakufa. Kamati ya uchunguzi ilisema sina hatia, na barua yao ina mhuri, lakini barua haisambai. Mkataba wangu ulipoisha hawakuniongeza. Kila nilikopeleka maombi, waliandika jina langu kwenye simu kabla sijakaa. Mmoja hakuficha. Aliniwekea simu mezani, nikajitazama.

Ndipo ukaniambia, "Dada, ile video hatuwezi kuifuta, ila tunaweza kuisukuma chini." Ukanijengea tovuti yenye jina langu. Ukaniweka na sare nyeupe, ile kola uliyonilazimisha kuipiga pasi mara mbili. Vyeti vyangu, miaka kumi na tisa ya kazi, maneno ya akina mama watano niliowazalisha, na kila wiki makala yangu fupi, mara dalili za hatari kwa mjamzito, mara kunyonyesha. Nilikuona kama unajifurahisha tu. Baada ya miezi mitano, mtu akiandika jina langu, tovuti inatangulia, na video imeshuka huko ambako watu wengi hawafiki. Nikaitwa usaili kwenye zahanati mpya. Daktari mwenye zahanati alikuwa amesoma makala zangu zote. Akaniambia nianze mwezi unaofuata. Nililia chooni kwao, nikanawa uso, nikatoka kama si mimi.

Wiki hiyohiyo ukaingia ujumbe kwenye kile kisanduku cha maoni ulichoweka chini ya tovuti. Haukuwa na jina, namba ya simu tu. "Umeandika umezalisha watoto elfu moja na mia mbili, wote salama. Wa kwangu umemweka wapi?"

Kitinda, sentensi ile uliitunga wewe, lakini mimi niliisoma nikaiacha ipite. Nilijiambia ni maneno ya matangazo. Siku hiyo nilikaa na simu mkononi mpaka Mama akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, wa mwaka juzi.

Nikaifuta. Badala yake nikaandika kwamba mtoto mmoja alikufa nikiwa zamu, kwamba nilichelewa kumsikiliza mapigo kwa dakika arobaini na tano nikiwa peke yangu na wagonjwa wanne, na kwamba kwenye video naomba gari. Barua ya kamati nikaiweka chini yake. Hayo ndiyo uliyoyakuta, ukadhani ni wahuni.

Daktari alipiga simu siku ya pili yake. "Kwa nini unajianika mwenyewe? Mimi nilikuwa nimeshakupitisha." Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa. Akasema yeye ananielewa, ila wagonjwa wake nao wanasoma. Kazi ikaishia hapo. Sasa napanga maboksi kwenye duka la dawa, chumba cha nyuma. Mwenye duka hataki nisimame kaunta, wateja wasije wakanitambua.

Najua utasema kamati ilinisafisha, sasa najipaka tope ya nini. Kamati haikuniuliza kama ningemfikia saa nne ingekuwaje. Huenda gari lingekuwepo. Huenda lisingekuwepo. Mimi najiuliza kila siku na jibu sina.

Kwa hiyo nakuomba usirudishe ya zamani. Utaalamu wako wa kupandisha ukurasa endelea nao. Anayenitafuta anikute pale pale, kabla ya video, na asome maneno niliyoyaandika mimi.

Kuna moja limebaki. Yule mama wa kitanda cha tatu nilimjibu ujumbe wake, nikamwambia ninapopatikana. Alhamisi alikuja dukani. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Nimekuja kujua kama umeandika wewe au umeandikiwa."

"Safari hii nimeandika mwenyewe."

Akatazama maboksi, akanitazama. "Muda wote ule nilikuwa naangalia mlango," akasema. "Nilisikia viatu vyako vikipita."

Alipogeuka kuondoka akaniambia jina alilokuwa amemchagulia mwanawe. Alisema tangu siku ile hakuna aliyemuuliza, wala kamati. Sitaliandika hapa, wala kwenye tovuti. Nililitamka mara moja mbele yake ili nisikosee, akanirekebisha herufi moja, akaenda.

Nisalimie wifi, na wanangu wote wawili. Mdogo mwambie shangazi ameiona picha ya jino lililong'oka. Mama anakutumia baraka zake na malalamiko yake, baraka ndizo nyingi. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mtulivu na kazi isiyowaumiza moyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.