Kilo Kumi na Nne

Mtaa wa Dallas, Embu

Dada yangu Nkirote,

Sisi huku hatujambo. Binti yangu Karimi ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu.

Sasa ucheke wewe: nimeacha bia. Mtaalamu wa lishe aliniambia chupa moja ni kama kula chapati nzima, nami nilikuwa nikinywa nne kila jioni, juu ya ugali. Siku hizi nachukua glasi moja ndogo ya waini isiyo tamu, Jumamosi tu. Jirani yangu Gachoki alinicheka pale baa: "Hicho si kinywaji cha mwanaume!"

Nikamwambia, "Cheka tu, mimi nina kazi."

Nimepunguza kilo kumi na nne, dada! Suruali zote ziko kwa fundi.

Mwaka jana daktari alipokataa nikupe figo yangu kwa sababu ya unene, uliniambia niache, mashine ya kusafisha damu inakutosha. Sikukubali, nilienda kwa mtaalamu wa lishe. Jana daktari alinipima tena akasema, "Sasa uko tayari."

Jumatatu nakuja Kianjai kukuchukua. Usibishane nami.

Mdogo wako,
Kailemia