Holda ya Tishu Iliyokataa Kung'oka

Jumapili jioni, Giakanja.

Baridi ya leo imezidi hata kwa Julai. Wiki nzima mlima haujaonekana, na ukungu unashinda mashambani mpaka mchana kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Sijui kama ni baridi.

Nimeshtuka. Hii ni karibu wiki ya pili sasa na bado mshtuko haujanitoka mwilini. Nikiwa darasani naandika ubaoni, nasahau sentensi katikati, nasimama na chaki hewani mpaka watoto wananong'ona.

Yote yalianzia kwenye holda ya tishu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na darasani ningewaambia wanafunzi waseme kishikio cha karatasi ya shashi. Lakini nenda duka lolote la hadwea mjini Nyeri useme hivyo uone utakavyoangaliwa. Ni holda. Ile ya kwanza tuliikuta ndani ya nyumba hii tulipohamia mwaka jana, baada ya mume wangu kuhamishwa kutoka Kerugoya. Yeye ni polisi. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya maziwa, na siku moja baada ya Pasaka niliikuta sakafuni pamoja na kipande cha simiti.

Nilimgombeza Neema. Neema ni binti yetu, yuko darasa la tatu, na hakuna mlango wala geti ambalo hajawahi kuning'inia. Alilia akasema, "Si mimi, Mama." Sikumwamini. Nani mwingine angekuwa?

Nikanunua nyingine, ile nyembamba inayong'aa kama kijiko kipya. Nikamwomba Baba Neema aifunge. Tangu nioane na mtu huyu sijawahi kuita fundi kwa kitu kidogo. Bomba likivuja, yuko chini ya sinki kabla sijamaliza kulalamika. Safari hii akasema, "Nitafanya," akaendelea kutazama taarifa ya habari. Siku zikapita. Tishu ikakaa juu ya tangi la choo, kila mara ikiangukia majini. Mwishowe nikaazima drili kwa jirani nikaifunga mwenyewe, kwa hasira, nikipiga kelele makusudi ili asikie.

Haikumaliza wiki mbili. Niliikuta imepinda kuelekea chini, skrubu moja imetoka na vumbi lake.

Safari hii Neema alikuwa ameenda kwa shangazi yake.

Nilisimama pale bafuni nikiitazama ile holda, na wazo lililonijia naliandika hapa kwa aibu. Sikuwaza ugonjwa. Niliwaza mwanamke.

Ngoja nieleze. Kwa miezi kadhaa mume wangu alikuwa anajifungia bafuni muda mrefu, akiwa na simu. Alikuwa amepungua mwili, shingo inacheza ndani ya kola. Usiku hapati usingizi. Akiongea nami anaongea kama mtu anayejibu swali la mahakamani. Na siku moja, nikipita kwenye ujia na nguo za kuanika, nilimsikia ndani ya bafu akinong'ona. Sauti ya chini, ya taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mtu. Nilisimama. Nikasikiliza. Sikushika neno hata moja, lakini moyo wangu ulishaandika barua nzima. Nikasema, huyu aliacha mtu Kerugoya. Na ile holda ameivunja kwa hasira baada ya kugombana naye kwa simu.

Ndiyo, hivyo ndivyo akili yangu ilivyofanya kazi.

Jumamosi nikateremka mjini kwa Wangari, mama mwenye hadwea ninayonunua kwake kila kitu. Aliponiona akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu! Ati imeng'oka tena? Kwani kwako muko na ng'ombe ndani ya nyumba?"

Nikacheka kwa meno tu. Akanipangia holda juu ya kaunta. Iko ya plastiki yenye kifuniko, iko ya mbao ya kusimama sakafuni, iko yenye kirafu cha kuwekea simu. Hiyo ya simu niliisukuma kando kwa kidole kama chakula kilichoharibika. Mwishowe akatoa moja kutoka chini, nzito, chuma kitupu, ina bamba pana na matundu manne ya skrubu.

"Chukua hii. Hii hata ukipandia haiwezi toka. Lakini usiifunge kwa ile tundu ya zamani, hiyo imeshalegea. Toboa mahali mpya."

Nilipofika nyumbani nilifanya kazi ile kwa utulivu ambao hata mimi uliniogopesha. Niliketi juu ya kifuniko cha choo, nikanyoosha mkono, na pale vidole vilipofika bila kujipinda nikaweka alama ya penseli. Nikabandika utepe juu ya kigae ili ncha ya drili isiteleze. Nikaanza polepole, bila kugonga, mpaka vumbi jeupe la kigae likaisha na vumbi la kijivu likaanza kutoka. Nikagongelea vile vidude vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya ukuta. Nikaweka pimamaji juu ya bamba, nikakaza skrubu moja moja mpaka kiganja kikauma. Kisha nikaishika kwa mikono miwili, nikaning'inia.

Haikutikisika. Nilijiambia, sasa tuone utavunja nini.

Jumatatu niliwahi kutoka shuleni. Baba Neema alikuwa na siku ya mapumziko. Nilikuwa jikoni namenya waru, yaani viazi, na yeye yuko bafuni. Nikamsikia tena akinong'ona. Nikaweka kisu chini. Nikavua viatu, nikatembea kwa ujia hadi mlangoni, na safari hii niliweka sikio kwenye mbao kabisa. Nilitaka jina. Nilikuwa tayari kwa jina.

"Moja," akasema mume wangu. "Mbili. Tatu."

Kisha mguno, kama wa mtu anayeinua gunia la viazi. Kisha kimya.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nikaita, "Baba Neema?"

"Niko sawa!" Haraka mno.

Kisha kishindo.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo dogo. Niliusukuma kwa bega mara mbili likaachia. Mume wangu alikuwa sakafuni, ubavu umeegemea ukuta, suruali magotini. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado juu, umeikamata holda. Bado ameishika. Vidole vimekuwa vyeupe.

Holda haikung'oka. Miguu yake ndiyo iliyokataa.

Sikulia. Nilijaribu kumwinua nikashindwa, kwa sababu alikuwa ananisaidia kwa mikono tu, na kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa kama mtu mwingine. Tukakaa wote wawili pale kwenye sakafu baridi, mimi nikimfunika kwa taulo. Huyu ni mtu ambaye nilimpenda nikimwangalia anacheza mpira wa wavu, akiruka mpaka wavu unamfikia kifuani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Pasaka. Labda kabla."

"Kila siku?"

"Asubuhi ndiyo mbaya. Nikikaa, siwezi kusimama. Nahesabu, nikifika tatu navuta."

Nikatazama ile alama ya matundu ya zamani ukutani. Ya kwanza. Ya pili. Mtoto niliyemgombeza. Alikuwa Baba Neema wakati wote, akijivuta kurudi kwetu kwa kitu cha kushikia karatasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mimi na yeye wote tunatoka Bungoma, na nilimjua baba yake akiwa tayari mgonjwa, mzee aliyelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miguu kama vijiti. Watu wakija kumsalimia, walikuwa wanaongea na mke wake kana kwamba yeye hayupo.

"Baba alianza hivi hivi," mume wangu akasema. "Sikutaka uanze kuniangalia vile."

Hapo ndipo nilipolia.

Aliniambia mengine pale pale sakafuni, kama mfereji uliozibuliwa. Kwamba kituoni hapandi ngazi tena, anajifanya anapenda kazi ya dawati la chini. Kwamba anasimama kwenye gwaride akiomba Mungu wasiambiwe wachuchumae. Kwamba simu anaingia nayo bafuni ili siku akishindwa kabisa aweze kumpigia mtu. Nikamuuliza ni nani huyo angempigia.

"Wewe," akasema. "Lakini sikutaka ifike hapo."

Jumanne sikwenda shule. Tuliondoka na teksi ya jirani mpaka hospitalini mjini. Daktari alikuwa msichana mdogo, nadhani hajatimiza hata thelathini, na mume wangu alimwita "daktari" kwa ile sauti ya kutoa saluti. Akamwambia akunje mikono kifuani, asimame kutoka kwenye kiti.

Alijaribu. Nilitazama uso wake akijaribu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Daktari akamwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akamshika shingo kwa mbele, akamwambia ameze mate. Akauliza kama anatoka jasho. Mimi nikajibu kabla yake: anatoka jasho Julai, Nyeri hii, watu wote wakiwa na makoti! Nilikuwa nimelifua lile jasho kutoka kwenye shati miezi yote, nikinusa kola kutafuta manukato ya mtu mwingine.

Walichukua damu. Tukaambiwa tusubiri majibu.

Siku zile za kusubiri sina la kuziandikia. Niliogopa kila alipokaa. Nilijikuta namtazama vile vile alivyosema hataki kutazamwa, kisha nageuza macho, kisha narudi kutazama.

Majibu yalitoka Ijumaa. Ni tezi ya shingoni, daktari akasema. Inafanya kazi kupita kiasi, inauchosha mwili mzima, moyo unaenda mbio, na nyama za mapajani zinaliwa polepole. Akaonyesha karatasi ya maabara ambayo mimi sikuona chochote juu yake ila maji ya macho yangu.

"Si kama ya baba yangu?" mume wangu akauliza.

"Ya baba yako sikuiona, mzee. Ya kwako nimeiona, na hii iko na dawa."

"Nitatembea?"

"Unatembea sasa. Utachuchumaa. Lakini si kesho, na usikose dawa hata siku moja."

Nilidhani ataruka kwa furaha. Aliinamisha kichwa mezani pa daktari kama mtoto anayesinzia darasani, mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika baba yake. Daktari akatoka nje bila kusema kitu akafunga mlango.

Nilimwomba Neema msamaha jana. Alinisikiliza vizuri, akakunja mikono, akasema, "Nilikwambia si mimi," akaenda kucheza. Nafikiri nimesamehewa. Habari ya Kerugoya sijamwambia baba yake. Nitamwambia. Bado natafuta mahali pa kuanzia, na kila nikipapata, naona aibu upya. Kinachonishtua si ugonjwa tena. Ni kwamba nililala kitanda kimoja na mtu anayepambana hivyo, nikasikia sauti ya mapambano yake kwa masikio yangu, na nikaisikia kama kitu kingine kabisa.

Unaweza kutomwona mtu aliye mbele yako namna hiyo?

Leo baada ya kanisa tulifunga chuma cha kujishikia, kirefu, karibu na choo, upande wa mkono wake wa kulia. Wangari alituchagulia, safari hii hakutania mtu. Mimi nilitoboa, Baba Neema aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akishika pimamaji na kuniamuru. "Shuka kidogo. Hapana, umezidisha. Panda. Hapo hapo." Mikono yake ilitetemeka na kile kiputo cha hewa kwenye pimamaji kikawa kinacheza, tukaanza kucheka, tukashindwa kuendelea kwa muda.

Saa ya chai nilikuwa jikoni niliposikia, "Mama Neema!"

Nilikimbia. Kikombe kilianguka, sikujali kimeangukia wapi. Nilifika mlangoni nikiwa sina pumzi.

"Nini? Umeanguka?"

"Hapana," akasema kutoka ndani. "Tishu imeisha."

Nikampa karatasi kwa kupitisha mkono mlangoni, kisha nikateleza chini nikaketi kwenye ujia, nikacheka mpaka Neema akaja kuuliza nani amekufa. Katika miaka yetu yote ya ndoa, mtu huyu hajawahi kuniita anisaidie kitu bafuni. Hata sabuni.

Kesho anamweleza mkubwa wake wa kazi. Anaogopa hilo kuliko sindano. Ameniuliza kama nitamsindikiza mpaka kituoni, nami nimekubali. Mwalimu mkuu ameshanipa ruhusa ya asubuhi. Hatujui watasema nini.

Sare yake nimeshapiga pasi, iko nyuma ya mlango. Mkanda umekuwa mkubwa, umezidi tundu la mwisho, kwa hiyo nimepasha msumari moto jikoni nikautoboa tundu jingine. Atakapopona nitamnunulia mwingine. Kwa sasa utamshika.