Moto wa Kijani Nyuma ya Kiti cha Kaka

Jumanne, alasiri, mwezi wa Oktoba. Upepo wa Dodoma, ambao kwa kawaida haumpi mtu nafasi ya kufungua dirisha, leo umenyamaza kabisa. Joto limekaa juu ya bati. Hata hivyo mikono yangu ni ya baridi, na nimeiosha mara mbili bila sababu.

Naandika hapa kwa kuwa sijapata mtu wa kumwambia ambaye hatanikatiza.

Asubuhi alikuja fundi Ramadhani, mtengenezaji wa majokofu na viyoyozi vya magari pale Majengo. Nilimwita kwa ajili ya gari la marehemu kaka yangu. Ni gari jeusi la kizamani, refu, la aina waliyotengenezewa wakubwa: lina mtambo wa ubaridi mbele na mwingine nyuma, uliofichwa nyuma ya kiti cha abiria. Kaka alifariki ndani yake miaka mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo limekuwa katika banda langu. Nimeliendesha mara chache, na kila mara nimeacha madirisha wazi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka huu joto limenizidi. Daktari amenionya kuhusu shinikizo la damu, nami husafiri kwenda Mpwapwa kila mwezi. Nikaamua kiyoyozi kitengenezwe. Gesi yake ya zamani haiuzwi tena madukani, kwa hiyo ni lazima mfumo wote ubadilishwe upokee gesi mpya.

Nilidhani kazi hiyo ni kutoa hii na kumimina ile. Ramadhani alicheka.

"Mzee, hizi gesi mbili hazikai nyumba moja. Mafuta ya kompresa yanamwagwa yote. Mipira ya maungio inabadilishwa, chujio linabadilishwa. Halafu kwanza tujue panapovuja. Gari hili linavuja, halifichi."

"Umejuaje?"

"Mzee wangu, si wewe uliyekuwa unalileta kwa marehemu bosi wangu? Mimi nilikuwa nashika spana pembeni. Kila baada ya miezi miwili, 'ongeza gesi'. Gesi hainywewi kama chai, mzee. Ilikuwa inakwenda wapi?"

Nilimwambia aendelee na kazi.

Alikuwa na mtungi mdogo uliobaki na gesi kidogo ya zamani, akaiingiza yote katika mabomba. Kisha akawasha taa ya kutafutia uvujaji. Ni tochi ya moto yenye mpira mrefu. Ncha ya mpira hunusa hewa na kuipeleka kwenye moto. Hewa ikiwa safi, mwali ni wa buluu. Ikiwa na gesi ile, mwali hugeuka kijani. Ili rangi ionekane vizuri tulivuta milango ya banda, tukabaki katika giza la mchana, jua likipenya kwenye matundu ya misumari tu.

Alipitisha mpira kwenye kompresa. Buluu. Mabomba ya mbele, buluu. Chini ya dashibodi, buluu. Aliniambia labda ameniongopea, gari ni zima.

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingiza ncha ya mpira pale kichwa cha kaka kilipokuwa kikiegemea.

Mwali uligeuka kijani.

Haukugeuka ghafla. Ulibadilika polepole kuanzia chini, kama kitambaa kinachonyonya rangi. Uso wa Ramadhani ukawa kijani, na mkono wangu juu ya mlango ukawa kijani. Akauvuta mpira, buluu ikarudi. Akaurudisha, kijani kikapanda tena. Akaushusha sakafuni, mahali pa miguu, na pale rangi ilikuwa nzito kuliko kote, ikipwita bila sauti.

"Inalala chini," alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Ni nzito kuliko hewa. Inatoka nyuma ya kiti, inajaa chini kama maji kwenye beseni. Mzee, tusivute moshi huu. Tutoke."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa ndani. Na niliisikia. Harufu hafifu, tamu kidogo, isiyofanana na manukato wala chakula.

Niliwahi kuiandika harufu hiyo kwa mkono wangu.

Ni lazima nieleze. Siku ile kaka alikuwa akirudi kutoka Dar es Salaam pamoja na mkewe, Mama Salima, mwanamke wa Kondoa. Walisimama Kibaigwa saa saba mchana. Dereva alikwenda sokoni kuulizia mahindi. Mama Salima alimmiminia mumewe uji kutoka kwenye chupa, kisha akashuka kununua vitunguu. Kaka alibaki kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa, injini inanguruma, kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho. Akalala. Waliporudi hakuamka. Hospitali waliandika kwamba ni moyo.

Ukoo wetu haukuridhika na moyo. Walioosha maiti walisema mwili ulikuwa wa baridi kupita kiasi kwa mtu aliyefia Kibaigwa mchana. Uji ulitajwa. Katika kikao cha ukoo, baada ya kumaliza matanga, shemeji yangu, Mama Salima, aliulizwa aliona nini. Alijibu kwa ukweli, kama mtu asiye na cha kuficha: alipofungua mlango alisikia harufu tamu, na miguu yake ikapigwa na baridi.

Shangazi alisimama akauliza kwa sauti, "Harufu ya dawa umeijuaje kama si wewe uliyeipika?"

Hapo kikao kikaisha, ingawa watu waliendelea kusema kwa saa nzima.

Mimi nilikuwa katibu. Niliandika muhtasari, nikaandika na barua ya uamuzi: arudi kwao Kondoa, asikanyage tena nyumbani wala makaburini kwetu. Katika muhtasari huohuo, gari lilipewa mimi. Nilikuwa nimefundisha lugha kwa zaidi ya miaka thelathini. Barua ile haikuwa na doa.

Sasa kuhusu gesi. Kaka hakupeleka gari kwa fundi hata siku moja. Nilikuwa nikilipeleka mimi, maana yeye alikuwa na shughuli nyingi na mimi nilipenda kuonekana nikiliendesha mjini. Mara ya mwisho, wiki mbili kabla ya safari ile, fundi mzee, bosi wa Ramadhani, aliniambia wazi kwamba linavuja kwa ndani, nyuma ya kiti, na kwamba ingefaa kiti king'olewe. Ingechukua siku tatu. Nilimwambia asichimbechimbe, aongeze gesi tu, mwenye gari anasafiri.

Aliongeza. Alijaza kabisa, na baridi ikarudi. Kaka alinishukuru.

Tulipokwisha kutoka bandani nilimuuliza Ramadhani kama gesi ile inaweza kumuua mtu.

"Mimi si daktari, mzee. Imejaa sehemu iliyofungwa, mtu amelala, na moyo wake una kasoro... Mimi nisingelala humo."

Sijui zaidi ya hapo. Inawezekana ni gesi. Inawezekana ni moyo peke yake. Lakini harufu tamu haikuwa dawa ya mtu, na baridi ya miguuni haikuwa ya uchawi. Hilo nimelisikia kwa pua yangu.

Kisha Ramadhani akaniambia jambo lililonifanya nikae chini, juu ya ndoo. Gesi mpya haigeuzi moto. Akishabadilisha mfumo, taa yake itabaki buluu hata gari likivuja kama kikapu. Na gesi aliyoitia leo ndiyo ya mwisho aliyokuwa nayo. Kwa kasi anayoiona, baada ya siku nne au tano itakuwa imekwisha kutoka yenyewe. Baada ya hapo hakuna atakayeweza kumwonyesha mtu yeyote kitu chochote.

Nakiri kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa raha. Nisubiri siku tano tu.

Wazo hilo lilikuwa tamu kama ile harufu, na liliniogopesha kuliko moto.

Saa sita nilipiga simu Kondoa. Miaka mitatu hatujazungumza. Alipokea yeye mwenyewe.

"Nani?"

Nilijitaja.

"Ehe. Shemeji. Nani kafa?"

Nikamweleza yote, pamoja na maneno yangu kwa fundi. Hakunikatiza. Nilisikia kuku upande wake na mtu akitwanga. Nikamwomba aje auone moto ule kwa macho yake.

"Niuone wa nini? Mimi harufu niliisikia, na nikawaambia. Asiyejua ni mimi? Waite wao. Wote waliokaa siku ile. Wasimame hapo bandani kwako, huyo fundi awashe, na wewe useme mbele yao hayo uliyoniambia mimi. Usiwasomee karatasi, shemeji. Sema kwa mdomo. Wakishakusikia, nitakuja kulisalimia kaburi la mume wangu, na hakuna atakayenifungulia njia kwa hisani."

"Nitafanya hivyo."

"Haya. Salima anasema shikamoo."

Nilisema marahaba. Simu ilikuwa imekwisha kukatika.

Ramadhani amekubali kurudi Alhamisi saa nne asubuhi. Nimemwambia asiguse hata skrubu moja kabla ya hapo. Banda nimelifunga kwa kufuli, milango ya gari imefungwa, madirisha yamepandishwa. Kutoka hapa nilipokaa naliona paa la gari kupitia ufa wa mbao. Najua kwamba hivi sasa, bila sauti, kitu kinatoka nyuma ya kile kiti na kushuka sakafuni, kidogo kidogo, kama kilivyofanya kaka akiwa amefumba macho. Nimejikuta nikivuta pumzi taratibu, kana kwamba kitanisikia.

Ndugu zangu watasema nimezeeka. Shangazi atasema nimenunuliwa na Warangi wa Kondoa. Baba mdogo atauliza kwa nini sikusema siku ile, na swali lake litakuwa la haki, na jibu langu litakuwa kwamba siku ile sikutaka kulifikiria. Baada ya Alhamisi sidhani kama nitaitwa tena kuandika muhtasari wa kikao chochote katika ukoo huu.

Zimebaki kama saa mbili kabla ya jua kuzama. Nyumba ni saba, nami nitakwenda kwa miguu. Naanzia kwa shangazi.