Kopo la Mama Shiru

Kangemi, Jumapili jioni

Mulembe Mama,

Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Rose wa mjomba, tunayefanya naye kazi jikoni hotelini, ameniambia alikupigia simu akakueleza nina taifodi, na sasa akina mama wa kanisa wanafunga wakiniombea. Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze. Mama, mimi si mgonjwa.

Unajua sisi wapishi hatushiki mwiko bila cheti cha afya, na cheti hakitoki bila kupeleka choo maabara. Tumbo langu lilikuwa linanguruma, nikaogopa kupoteza kazi ya hoteli pale Dagoretti Corner. Jirani yangu Mama Shiru, yule muuza uji, akacheka. "Aki Nekesa, si uchukue yangu? Tumbo yangu haijawahi nisumbua." Nikapeleka kopo lake lenye jina langu. Ndiyo, binti yako uliyemsomesha.

Majibu yalipotoka, daktari wa maabara alinieleza kwa upole. Bakteria wana koo zao kama sisi: wa mviringo, wa fimbo, wa kujipinda. Wengine wanaishi tumboni bila ubaya. Huu ukoo wa salmonela ni vifimbo, na wengi wao huleta kuhara tu. "Lakini huyu wako ndiye wa taifodi, madam. Unaweza kosa kuskia mgonjwa na bado unaambukiza watu. Usiguse sufuria mpaka umalize dawa." Nikaitikia, nikabeba dawa za mtu mwingine.

Mama Shiru nilimdanganya kwamba nimepumzishwa kwa sababu ya presha. Basi kila asubuhi akaniletea kikombe cha uji, eti nipate nguvu. Nilikuwa nashukuru, nafunga mlango, naumwaga. Wateja wake, vibarua wa mjengo, walikuwa wanakunywa. Niliona aibu, na bado sikumwambia.

Leo baada ya ibada nilimwambia. Hakunitukana, heri angenitukana. Aliangalia sufuria yake jikoni, akaumwaga uji wote mtaroni, akaketi.

"Ungeniambia tu," akasema. "Mimi pia niko na watoto."

Kesho tunakwenda maabara wote wawili, kila mtu na kopo lake. Dawa nimempa akamwonyeshe daktari. Kazi najua imekwenda.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenifumia sweta, na mwenyekiti wa akina mama. Waambie wasiache kufunga, Mama, ila wabadilishe jina. Wamtaje Mama Shiru.

Mwanao asiyejua ataficha wapi uso,
Nekesa