Ugonjwa wa Majani

Laini ya Juu,
Kericho.

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Goti lako linasemaje? Na yule kuku wa madoadoa, amekubali kutaga kwako au bado anapelekea jirani mayai? Mimi niko, nakula, nacheka. Awuor mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote, usiruke mahali.

Mama, mjomba alinifikishia ujumbe wako: kwamba mwisho wa mwezi kaka Otieno anakuja kunichukua, maana msichana anayeumwa kila siku hafai kukaa peke yake ugenini, na huko nyumbani kuna watu wa kuniombea. Nimekusikia. Lakini ngoja nikusimulie kwanza, halafu uamue.

Unajua nilivyokuwa. Naamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Mabega yanauma, nyonga zinauma, hata kikapu kitupu mgongoni kinauma. Dispensari walinipa dawa ya malaria, wakarudia dawa ya malaria, wakapima damu wakakuta iko safi. Hapa kwenye laini, nyumba zetu za wachuma chai, wakaanza kusema Akinyi ni mvivu. Wengine wakasema nimerogwa. Nililia sana, Mama. Hilo sikukuambia.

Basi nikaenda hospitali ya misheni upande wa Bomet. Daktari, mama mmoja mpole, akanibonyeza shingoni, mabegani, kwenye viwiko, magotini, na kila akibonyeza mimi naruka. Akaniambia, "Maumivu yako ni ya kweli. Hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu, lakini ni ya kweli, na yana jina." Haki ya Mungu, nilitaka kumkumbatia! Akasema hayaui, ila huenda yasiishe kabisa. Akanipa kidonge cha jioni cha kunisaidia kulala, akanionya nisishinde kitandani wala nisijiue na kazi. Nitembee, nipumzike, nitembee tena. Jina lenyewe ni fibromayaljia. Alinifanya nilirudie mpaka sote tukacheka.

Sasa sikia vituko. Siku niliyorudi kazini, nyapara wetu, Mzee Koskei, aliniuliza mbele ya watu, "Akinyi, taktari amesema ni nini?" Nikamjibu kwa maringo, "Fibromayaljia!" Mzee akashtuka. "Fibro-majani? Ukonjwa ya majani?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameninyang'anya kikapu. "Toga kwa shamba! Usikuse chai!" Nisimcheke sana, maana mimi mwenyewe shamba naita samba. Lakini mzee huyu anaipenda michai kuliko ng'ombe wake, na Mkipsigis kupenda kitu kuliko ng'ombe si mchezo. Waliokuwa wanachuma karibu nami wakahamia mistari ya mbali, eti nisiwaambukizie vikapu.

Pale nikaona kazi inaniponyoka. Bila kazi hakuna nyumba kwenye laini, na ningefika kwako hata kabla Otieno hajafunga safari.

Mzee akamwita bwana shamba, akaja mbio na pikipiki. Kijana wa watu akainama, akageuza jani baada ya jani, juu na chini, asione kitu. "Mzee, mti wenye ugonjwa ni upi?" Mzee akaninyooshea kidole. "Ni huyu."

Mama wee! Bwana shamba alicheka mpaka akashika mchai asianguke. Kila mtu akacheka, na mimi machozi yakanitoka kwa kucheka. Basi nikaona hapa hapa. Nikawaeleza ni ugonjwa wa mwili wangu, si wa chai, hauambukizi mtu wala mti. Nikaonyesha mahali panapouma, nikasema na kuitwa mvivu kunavyouma. Walinisikiliza, Mama, watu wale wale. Mzee Koskei akavua kofia. "Kwa hivyo zile siku ulikaa chini kwa mstari, mimi nikakufokea, ulikuwa unaumia?"

"Ndiyo, Mzee."

Akanirudishia kikapu changu. "Bole sana, mtoto ya wenyewe." Kisha yeye mwenyewe akamwomba bwana shamba nihamishiwe nasari.

Ndiko niliko sasa, mahali miche ya chai inapokuzwa chini ya kivuli. Tunajaza udongo kwenye vifuko vya nailoni na kupanda vipande vya matawi. Nikichoka kukaa nasimama, nikichoka kusimama nazunguka na mkebe wa maji. Wenzangu wananiita Majani. "Majani, leo umeamkaje?" Nikiamka vibaya nasema vibaya, na hakuna anayeguna. Mke wa Mzee hata alinitumia mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Ni meusi kidogo kwa makaa, lakini nimejifunza kuyanywa bila kukunja uso, na sasa nayatafuta mwenyewe!

Sijapona, nisikudanganye. Jana vidole vilikataa kufunga vifungo vya blauzi, jirani yangu Chebet akanifungia huku ananitania kwamba sasa amepata mtoto mkubwa. Nilicheka kwa uchungu na kwa furaha, vyote pamoja.

Msalimie Baba, mwambie redio yake aipunguze sauti, hata huku naisikia. Nisalimie nyanya yangu, mama yake Baba, na mjomba aliyebeba maneno yako. Shangazi wa kanisani aendelee kuniombea, maombi siyakatai.

Na Otieno aje, nimemkosa sana huyo kaka yangu. Lakini Mama, usimpe sanduku la kubebea nguo zangu. Siku zote za kuumwa nilidhani nangoja kupona ndipo nianze kuishi. Nimeshaanza. Niache nibaki.

Ni mimi uliyenizaa,
Akinyi